Nyoka ya Shaba Bado Inafukiziwa Uvumba

Kuna mfalme kwenye Biblia alivunja vipande vipande kitu ambacho Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza kitengenezwe, na Biblia ikamsifia kwa hilo. Ni Hezekia wa Yuda, habari iko 2 Wafalme 18 mstari wa 4, mstari mmoja tu, mtu anaweza kuupita haraka kabisa akikimbilia habari za Senakeribu, mfalme wa Ashuru, huko mbele. Kitu chenyewe ni ile nyoka ya shaba ya Musa. Kule jangwani watu walikuwa wanaumwa na nyoka wa moto wanakufa, Mungu akamwambia Musa tengeneza nyoka, iweke juu ya mti, kila aliyeumwa akiitazama ataishi, na kweli waliishi (Hesabu 21). Sasa karne nyingi zimepita, Musa kashakufa, Yoshua kashakufa, Daudi kashakufa, nyoka bado ipo na watu wanaifukizia uvumba.

Hebu ifikirie siku ile Hezekia anaivunja. Naamini waliolalamika hawakuwa watu wa Baali, walikuwa watu wa Mungu kabisa, na hoja zao zilikuwa nzito: hii kaitengeneza Musa! Hii iliwaponya babu zetu! Hii Mungu ndo aliagiza! Yote kweli, hamna hata neno moja la uongo hapo, na bado ilikuwa sanamu.

Mi naamini mstari huu unatuhusu wakristo wa sasa kuliko hata ule wa kutojifanyia sanamu ya kuchonga, maana huo wa kuchonga tumeshaujua, ukitaja sanamu kanisani mtu anawaza mizimu, anawaza hirizi, anawaza kwenda kwa mganga usiku, na sisi walokole wengi tunawaza wakatoliki na zile sanamu zao za watakatifu, yaani sanamu siku zote iko kwa mwingine. Lakini mtume Yohana anamaliza waraka wake wa kwanza akiwaandikia waamini, watu ambao ametoka tu kuwaambia kwamba wana uzima wa milele, na sentensi yake ya mwisho kabisa ni hii: "Watoto wadogo, jilindeni nafsi zenu na sanamu." Anaongea na watoto wa nyumbani.

Hata ndama wa dhahabu tunamsoma vibaya. Rudi Kutoka 32 usome mstari wa 5 taratibu. Haruni anajenga madhabahu mbele ya yule ndama alafu anatangaza kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA. Kwa BWANA! Jina la Mungu halijatoka, sadaka zipo, shangwe ipo, ila kilichosimama mbele ni kitu wanachoweza kukiona na kukishika, kwa sababu Musa kachelewa mlimani na wao wamechoka kusubiri. Hapo kwenye kuchoka kusubiri ndo pa kuangalia sana. Sanamu nyingi za kanisani huwa zinazaliwa hapo, mtu hajamkataa Mungu, amechoka tu kumsubiri Mungu asiyeonekana, anatafuta kitu cha kushika mkononi wakati anasubiri.

Nianze na mafuta ya upako maana ndo yapo kila mahali. Mafuta yenyewe hayana kosa. Yakobo 5:14 anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na wale kumi na wawili kwenye Marko 6 waliwapaka wagonjwa mafuta wakapona. Tatizo linaanza pale mafuta yanapotoka mkononi mwa mzee wa kanisa anayekuombea yanaingia kwenye chupa yenye picha ya mtumishi, na chupa ina bei, na ina maelekezo, haya ni ya biashara, haya ni ya ndoa, haya ni ya kuvunja madhabahu za ukoo, na mtu anaamka saa kumi na moja kwenda kunyunyizia mlango wa duka kabla hajafungua. Stika kwenye gari. Kitambaa chini ya mto. Chumvi kwenye kona nne za kiwanja. Mi naomba mtu aniambie kwa moyo mweupe, hiyo ina tofauti gani na alichokuwa anafanya bibi yake, aliyefunga dawa kwenye kitambaa cheusi akaizika kizingitini? Jina linalotajwa limebadilika na hilo sio jambo dogo, najua. Lakini namna moyo unavyokitegemea kile kitu ni ile ile, na Ezekieli 14 inasema wazi kabisa kwamba wale wazee wa Israeli waliokuja kukaa mbele ya nabii walikuwa wametia vinyago vyao mioyoni, wamekaa pale pale kwa nabii wa Mungu wa kweli wakisubiri neno, na vinyago viko ndani.

Ukitaka kujua kama mafuta yameshakuwa nyoka ya shaba angalia hofu. Chupa ikiisha unalala? Stika ikibanduka kwenye gari unasafiri kwenda Morogoro bila wasiwasi? Ukiambiwa leo tunaomba tu, bila kitu chochote mkononi, unaona maombi yamepungua? Pale inapokaa hofu yako ya kupoteza ndipo ilipo imani yako, haijalishi midomo inasema nini.

Wengi tunakumbuka Loliondo, mwaka 2011, kijiji cha Samunge. Mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Ambilikile Mwasapila, Babu, alisema Mungu amemwonyesha dawa, kikombe kimoja shilingi 500, na nchi nzima ikahamia kule, magari foleni ya kilomita na kilomita kwenye vumbi, Wakenya wamekuja, viongozi wakubwa wamekunywa, wagonjwa wametolewa wodini wamelazwa nyuma ya magari, na wapo waliofia kwenye foleni hawajafika. Mimi simhukumu yule mzee, ameshafariki, 2021, na shilingi 500 sio bei ya mtu anayetafuta utajiri. Kilichoniuma mimi ni jinsi Mungu alivyopata anwani. Yaani ghafla Mungu anaponya kule, ukishindwa nauli ya kwenda kule basi wewe umekosa, wakati tuna Bwana aliyemwambia yule mama Msamaria pale kisimani kwamba saa inakuja hamtamwabudu Baba katika mlima huu wala kule Yerusalemu. Tulikuwa na hiyo Biblia majumbani. Alafu tarehe 1 Februari 2020, uwanjani Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwezi kuwasema vibaya marehemu, walienda kumtafuta Mungu, wengine naamini walikuwa wamebeba mizigo ambayo hakuna mtu wa kanisani kwao aliyewahi kuwauliza. Nalisema kwa sababu bado nina uchungu nalo, na kwa sababu tulilia wiki mbili tukarudi kwenye foleni.

Kuna habari kwenye 1 Samweli 4 ningetamani ihubiriwe kila mwaka. Israeli wamepigwa na Wafilisti, wamekufa kama elfu nne. Wazee wanakaa kikao, swali lao ni zuri kabisa, kwa nini BWANA ametupiga leo, lakini hawasubiri jibu, wanasema tukalilete sanduku la agano ili lituokoe. Sanduku likaja, na Hofni na Finehasi wale wana wa kuhani Eli waliokuwa wanalala na wanawake mlangoni pa hema ndo wameambatana nalo, na watu wakapiga kelele za shangwe mpaka nchi ikavuma. Ukiwa pale ungesema ibada imewaka, upako umeshuka. Wakaingia vitani, wakafa elfu thelathini, na sanduku likatekwa. Mungu alikubali sanduku lake mwenyewe libebwe na maadui kuliko watu wake waendelee kulitumia kama hirizi. Na kule kwenye nyumba ya Dagoni, mungu wa Wafilisti, walikoliweka sanduku, Mungu hakuhitaji msaada wa Mwisraeli hata mmoja, asubuhi walimkuta Dagoni kalala kifudifudi.

Kwa hiyo mtu ataniuliza, unataka tutupe kila kitu, Mungu hatumii vitu? Anatumia, na jibu zuri analo Hezekia huyo huyo. Sura mbili mbele, 2 Wafalme 20, Hezekia anaumwa mpaka kufa, anageukia ukutani anaomba analia, Mungu anamuongezea miaka 15, na Isaya anasema leteni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Umeona? Mtu aliyevunja nyoka ya shaba ameponywa kwa kitu cha kawaida cha kushikika, tini! Ila nimetafuta kwenye Biblia nzima sijaona mahali watu walitunza zile tini, wala walipoenda kwa Isaya kuomba tini za upako. Zilifanya kazi yake zikaisha. Mungu yuleyule alimponyesha kipofu kwa tope na mate siku moja na kipofu mwingine kwa neno tu siku nyingine, na mi naamini hakufanya hivyo bure, hataki tushike njia tukamwacha mwenye njia.

Upande wa watumishi sitasema mengi kwa sababu ukisema unaambiwa usimguse masihi wa Bwana, japo ile Zaburi 105 ukiisoma inaongelea Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakitangatanga ugenini bila mtu wa kuwatetea, haimkingi mtu mwenye maiki na walinzi asiulizwe swali. Kuheshimu watumishi ni amri na mimi nawaheshimu, nimelelewa na wachungaji, najua wanavyoteseka. Lakini pale unaposikia mtu anaomba "Mungu wa baba yangu" na baba mwenyewe ni nabii wa kanisa lake, na yeye binafsi hajawahi kukaa chumbani na Mungu nusu saa bila sauti ya nabii kwenye simu, pale mtu anapoogopa kuhama kanisa kwa sababu ameambiwa akitoka kwenye madhabahu hii biashara yake itakufa, hapo uvumba umeshaanza kuwaka. Kule Listra, Matendo 14, watu walipoanza kuwaita Barnaba na Paulo miungu na kuleta ng'ombe na mashada ya maua, hawa mitume waliyararua mavazi yao wakarukia katikati ya watu wakipiga kelele kwamba sisi nasi tu wanadamu. Ndo kipimo cha mtumishi hicho. Akisifiwa kupita kiasi, anaumia au anatulia?

Kuna watu mpaka hapa wanasoma wakisema asante Yesu sisi tuko KKKT, sisi Moravian, sisi Wasabato, hatuna mambo ya chupa. Subirini. Sanamu ambayo mimi naiogopa kuliko zote haiko kwenye chupa, iko kwenye baraka zile za kawaida kabisa tunazoombea kila wiki: ndoa, mtoto, kazi, nyumba, ada ya shule nzuri. (Simu wote wanaisema, kila semina ya vijana ni simu simu, na ni kweli inakula muda, lakini simu haijamuahidi mtu kwamba akiipata atakuwa mtu kamili. Sanamu inaahidi.)

Soma Raheli. Mwanzo 30:1, anamwambia mume wake nipe wana, kama sivyo nitakufa. Nataka niseme hili kwa upole sana kwa sababu najua wanasoma dada zangu wanaosubiri mtoto, na najua maneno mnayotupiwa na mawifi na mama mkwe na hata kwenye maombi kanisani mnapoitwa mbele kama watu wenye kosa: maumivu yako sio ibada ya sanamu. Kulia sio ibada ya sanamu. Kuomba kila siku jambo hilo hilo sio ibada ya sanamu. Raheli aliumia na Mungu akamkumbuka, Biblia inasema hivyo, akamzaa Yusufu. Ila ile sentensi yake, bila mtoto mimi nife, hiyo ndo sentensi ambayo mtoto hapaswi kubebeshwa. Na siachi kuwaza kwamba Raheli ndiye aliyeiba vinyago vya baba yake akavikalia juu ya matandiko ya ngamia, na kwamba alifariki akimzaa Benyamini njiani kwenda Efrathi. Sisemi Mungu alimwadhibu. Nasema nikimsoma naona mwanamke aliyekuwa anatafuta kitu cha kushika maisha yake yote.

Alafu soma Hana. Shida ni ile ile, mke mwenza anamchokoza mwaka hadi mwaka, hali chakula, analia mpaka kuhani anadhani amelewa. Sasa angalia 1 Samweli 1:18, baada ya kuomba akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Mimba hamna! Samweli hayupo bado, Penina yupo palepale na maneno yake yaleyale, hakuna kilichobadilika nyumbani, na Hana anakula. Kitu kilichokuwa kimekaa kwenye kiti cha Mungu kilishushwa siku ile pale Shilo, na ndo maana alipompata Samweli aliweza kumrudisha hekaluni angali mdogo. Hicho kitendo cha kumuachia mtoto huwa kinanitoa machozi, kwa sababu mikono ambayo ingemshika mtoto kama mungu ingemkaba.

Makanisa yetu hatuwasaidii akina Hana. Tunawafundisha kuwa Raheli. Dada ana miaka 34 anamtumikia Mungu vizuri, ana kazi yake, ana amani, na kila mkesha anaitwa mbele kuombewa mume kana kwamba hajaanza kuishi, mpaka anaanza kuamini kweli kwamba Mungu bila mume ni nusu Mungu. Harusi tunaichangia miezi, vikao, kamati, kadi, ukumbi, watu wanakopa, alafu ndoa yenyewe ikipita kwenye moto hatuna hata kikao kimoja. Kijana akipata kazi nzuri tunasema Mungu amemuona. Yule aliyekosa kwenye usaili ule ule, Mungu hakumuona? Hatusemi hivyo kwa mdomo ila kila mtu aliyekaa kwenye benchi ameelewa.

Na mahali tunapofundishia hiyo imani kuliko mahali pengine popote, naamini, ni kwenye kipindi cha ushuhuda. Angalia nani anapewa maiki. Aliyepata gari, aliyepata viza, aliyepata mtoto, aliyepona, aliyeshinda kesi ya kiwanja. Tunapiga makofi, na ni haki, Mungu kafanya. Lakini ukikaa kanisani miaka na ushuhuda ni wa waliopata tu, unajifunza taratibu bila mtu kukufundisha kwamba Mungu ni njia ya kufikia kitu, na kitu ndo chenyewe. Wale vijana watatu kwenye Danieli 3, waliotishiwa kutupwa kwenye tanuru la moto wasipoisujudia sanamu ya mfalme, walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, hatutaitumikia miungu yako. Wamesema hayo kabla ya tanuru, hawajui litakalotokea. Kwetu wangeambiwa wasubiri watoke kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona. Shangazi yangu ana saratani, ametibiwa, ikapungua, imerudi. Siku moja aliomba nafasi ya kushuhudia kwenye ibada, akaulizwa na aliyekuwa anaongoza, mama umepona? Akasema bado. Akaambiwa kwa upole tu, kwa heshima, basi mama tunaamini utapona, ukipona utakuja kutupa ushuhuda. Akarudi kukaa. Aliyemwambia hivyo ni mtu mzuri, anampenda Mungu, na ndo maana naona jambo hili lina hatari, linafanywa na watu wazuri. Alichotaka kusema shangazi alikuja kutusimulia nyumbani: kwamba usiku ule mbaya kuliko yote, maumivu hayajatulia, dawa zimeisha nguvu, alikuwa anaimba wimbo wa tenzi kimoyomoyo na akagundua kwamba haogopi, kwamba hata asipopona hajapoteza chochote ambacho hakiwezi kurudi, na kwamba hajawahi kuwa na Mungu karibu hivyo tangu aokoke akiwa msichana. Bado anaomba apone, na sisi tunaomba, kila siku, na hatutaacha.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa ibada na wachungaji mnaosoma hapa. Mkiandaa kipindi cha shuhuda mwezi huu, waite hao waliopata, na mtafuteni na mmoja ambaye jibu lake halijaja. Mpeni maiki dakika tano aseme Mungu ni nani kwake sasa hivi, akiwa bado hana. Na akiwa anaongea msimkatishe kwa kumwekea mikono apone, muacheni amalize, watu wasikie, alafu ndo mumuombee.